Nafasi ya Bihogo

"Ng'ombe yangu iko wapi?"

Munira alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya studio yake, karibu na soko la Baraka, mikono ameifumbata kifuani, akingoja sifa. Picha ile alikuwa ameihangaikia tangu jana, na kwa macho yake ilikuwa imetoka, tena imetoka hasa. Marehemu mzee Éliezer alisimama katikati ya karatasi kubwa, suti ya buluu, tai nyekundu, nyuma yake ngazi za marumaru na maporomoko ya maji, na kwenye kila kona ua la waridi. Mtu yeyote wa Baraka angeiona angesema mashallah.

"Ng'ombe gani, mama?"

Mjane wa Éliezer hakujibu upesi. Jina lake Mukandori, mwanamke mrefu wa Bibokoboko, kule milimani, wa umri wa kumzaa Munira, na watu wa kule hawana papara na maneno. Aliichukua picha akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama, akarudi nayo, akailaza juu ya kaunta taratibu.

"Ile foto nilikuletea ilikuwa na bawili," alisema. "Éliezer na ng'ombe yake, Bihogo. Sasa unanirudishia mumoja. Na huyu mumoja, ile koti ni ya nani?"

Haya, tusimhukumu Munira kabla ya kumjua. Studio aliirithi kwa baba yake, marehemu fundi Ali, aliyewapiga picha watu wa ufuko huu tangu enzi za filamu, na sheria za baba yake alizishika kama mtu anavyoshika swala. Mtu akae katikati. Atazame mbele. Miguu ionekane yote, maana, alisema mzee, aliyekatwa miguu pichani atarudije nyumbani? Kompyuta ilipokuja, Munira akaongeza sheria moja ya kwake: kisicho mtu, ondoa. Na hiyo hakuibuni yeye, wateja ndio waliomfundisha. Huyu ataleta picha ya arusi aseme ondoa yule mbuzi. Yule, ondoa ndoo, ondoa kamba ya nguo, ondoa na shemeji yangu, tumegombana. Munira akaondoa, akaondoa, akawahamishia wote penye marumaru na maji yanayoporomoka. Ukiziamini kuta za studio ile, mji mzima wa Baraka unaishi katika hoteli moja.

Kwa hiyo ilipokuja picha ya mama wa milimani, ya karatasi, ya zamani, kingo zimejikunja, ng'ombe mkubwa mwekundu kajaa katikati na mtu kasukumwa huko kushoto kama aliyekuwa akipita njia tu, Munira aliona kosa la mpigaji. Hata huruma alimwonea. Tena kioo cha skana yake kimepasuka upande mmoja, tangu betri ya sola ilipokiangukia, na upande uliobaki mzima haumezi picha pana. Akachukua mkasi. Akakata wima, katikati ya mtu na ng'ombe. Mtu akamweka kwenye kioo, ng'ombe akamtupa.

Mkasi wenyewe ulikuwa hapo hapo kauntani, kati yao wawili. Munira alijikuta akiusukuma kwa kiwiko mpaka ukaingia chini ya gazeti.

Alitoka mbio nyuma ya studio. Makaratasi ya studio hutupwa shimoni, na ya shimoni huchomwa jioni, na jioni ya jana ilikuwa imekwisha pita. Alijua hayo, lakini alichutama hata hivyo, akachokonoa majivu kwa kijiti, akapekua, akapuliza. Aliporudi mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na hakuhitaji kueleza.

Nakala nyingine haikuwako. Mukandori alimweleza bila kupandisha sauti, na afadhali angeipandisha. Kamera ilikuwa ya mchungaji wa kanisa, mgeni, aliyekwisha kurudi kwao siku nyingi. Nyumba ya Bibokoboko iliungua na kila kilichokuwamo. Picha hii ilipona kwa kuwa ilikuwa ndani ya Biblia, na Biblia ilikuwa mkononi walipokuwa wakikimbia.

Na Jumamosi, yaani keshokutwa, wakwe wanakuja kumposa Shimwa, binti yake. Baba hayupo, lakini kiti chake kitawekwa, na juu ya kiti itawekwa picha. Kwa desturi ya kwao siku hiyo maneno huanzia kwenye ng'ombe na kuishia kwenye ng'ombe. Wazee watawasifu kwa majina, watajibizana, watauliza hii ni nyumba ya ng'ombe gani. Nyumba ya Mukandori haikuwa tena na ng'ombe hata mmoja. Waliporwa wote katika miaka mibaya, na Éliezer naye hakuishi sana baada yao. Kitu pekee kilichobaki cha kuwaonyesha watu kwamba aliwahi kuwa mtu mwenye mifugo yake ni ile karatasi.

"Bakiona huyu wa koti, batasema ni muntu wa bureau, wa ofisi," alisema Mukandori. "Batauliza, baba ya Shimwa ni nani? Na mi nitabajibu nini?"

Munira aliona uso unamchoma. Alisema samahani, akairudia, akasema atafanya lolote. Akamvua mzee suti ile kwenye kompyuta hapo hapo, akafuta marumaru, akafuta maji na mawaridi, na mzee Éliezer akarudi katika koti lake refu la baridi, kofia yake na mabuti yake ya mpira. Kisha akafungua simu kutafuta ng'ombe. Ng'ombe wako wengi duniani, alijiambia, hakosekani mmoja. Akampata mnono, msafi, mwenye mabaka meusi na meupe, akamgeuzia mama skrini kwa matumaini.

Mukandori alitazama, akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilimuumiza Munira kuliko matusi.

"Hii ni ng'ombe ya kopo ya maziwa," alisema.

Basi Munira akasema ataamka alfajiri aende machinjoni, wanakoteremshwa ng'ombe wa milimani, apige picha mmoja mwekundu, ambandike, hakuna atakayejua. Mukandori akamtazama vizuri, kama anayepima kama huyu ana akili au hana.

"Bwana yako akikufa," akamuuliza, "nikuwekee wa jirani, utanishukuru?"

Mukandori alifunga kitenge chake vizuri, akasema atarudi kesho asubuhi, akamwambia atafute. Hakusema atafute nini. Akaondoka kwa mwendo wake mrefu, na wateja wawili waliokuwa wakingoja picha za kitambulisho wakajifanya walikuwa wakitazama ukuta.

Mchana mumewe, Uledi, akapita kula. Uledi ana boti ya injini inayokwenda Swima na kurudi, mtu wa kucheka na watu, asiyekaa na jambo moyoni zaidi ya muda wa kulitema. Alisikiliza kisa chote huku akimega ugali, kisha akatoa hukumu: maji yakimwagika hayazoleki, amwombe mama wa watu radhi, amrudishie chake, yaishe. Munira akasema haiwezi kuisha hivyo. Uledi akauliza sasa atampa nini, karatasi tupu? Akanawa mikono, akarudi ziwani.

Munira akafunga mlango wa mbele, akabaki na kile kipande cha mzee.

Alikuwa ametazama picha maisha yake yote, lakini kutazama kwa fundi ni kutafuta kasoro: kope iliyofumba, kola iliyojikunja, jasho kwenye paji la uso. Leo hapakuwa na kasoro ya kurekebisha isipokuwa yake mwenyewe. Akachukua kioo cha kukuzia cha baba yake, akakaa dirishani, akatazama tu.

Alianza na uso. Mzee Éliezer hakuitazama kamera. Alitazama kulia, juu kidogo, midomo imefunguka nusu, na macho yake yalikuwa na raha ambayo Munira hakuiona jana alipokuwa akiuchonga uso ule kuutenga na nyuma yake. Macho ya Munira yakafuata macho ya mzee. Yakaenda kulia, yakafika pale mkasi ulipopita, yakadondoka. Akayarudisha usoni. Yakaenda tena. Akajaribu kuyashika kwa nguvu kwenye kofia, lakini nyuma ya kofia kulikuwa na mgongo wa mlima unaoteremka, na ulikuwa unateremkia kulia. Akayaweka kwenye fimbo. Fimbo ilikuwa imelala mkononi mwa mzee, na ncha yake ilielekea kulia. Chini kulikuwa na kijia katika majani, kilichokanyagwa na kwato miaka mingi, nacho kiliingia pichani kwa kona ya kushoto, kikapita mbele ya mabuti, kikaenda huko huko.

Munira aliweka kioo chini.

Akafunika mlima kwa kidole: picha ikalegea upande. Akaufunua, akafunika fimbo: picha ikalegea tena, mahali pengine. Hakuna kilichowekwa pale bure. Mlima, fimbo, kijia, macho, kila kimoja kilikuwa na safari yake, na safari zote zilikuwa moja. Na yeye, binti wa fundi Ali, mwenye studio, alikuwa ameishika picha hiyo mkononi, akaona ng'ombe aliyeharibu picha ya mtu.

Halafu akaona lile doa. Juu ya mabuti ya mzee na kwenye majani mbele yake kulikuwa na weusi ambao jana aliudhani ni unyevu ulioingia kwenye karatasi, na alikuwa amekusudia kuupangusa kwa kompyuta, akasahau. Akaukaribia kwa kioo. Haukuwa unyevu. Jua la asubuhi lilikuwa limetoka upande wa kulia, chini bado, na lilikuwa limekivusha kivuli cha pembe za Bihogo mpaka upande huu wa mkasi: mistari miwili mirefu iliyojipinda, inaachana, halafu inakaribiana tena kwenye ncha, imelala juu ya miguu ya mwenye ng'ombe.

"Subhanallah," akasema Munira peke yake.

Alikuwa amemkata ng'ombe, na ng'ombe hakuondoka. Yuko bado, kila kitu kinamwonyesha, kila kitu kinamgeukia, na kivuli chake kinamgusa mzee mguuni. Wallahi mtu anaweza kula ugali wa kazi fulani miaka na miaka asijue kazi yenyewe ni nini. Munira aliinua macho akatazama ukuta wa studio yake. Pale juu kulikuwa na mama mmoja wa Swima, mcheshi, anayecheka mpaka magego yanaonekana. Munira aliikumbuka picha ya asili: mama yule alikuwa akimcheka samaki mkubwa aliyemponyoka mkononi, yuko hewani, mkia juu. Samaki aliondolewa. Sasa mama wa Swima alikuwa akiyacheka marumaru, miaka nenda rudi, na Munira aliona haya kumtazama.

Akaketi kwenye kompyuta. Akamrudisha Éliezer katikati ya karatasi nyeupe, kama alivyofundishwa, ili aone kwa uhakika. Mzee akasimama pale kama aliyeitwa na polisi. Akamsogeza kushoto kidogo. Akamsogeza tena. Kila alipomsogeza, kitu fulani katika mabega ya mzee kililegea, ingawa picha ni picha na mabega hayakutikisika. Alipomfikisha ukingoni kabisa, mahali ambapo fundi Ali angemzaba mtu kofi, mzee Éliezer akapumua.

Asubuhi Mukandori alikuja mapema, kitenge kimelowa umande. Munira alimpa kiti, akampa chai, na kabla hajasema lolote jingine akauliza lile lililomnyima usingizi.

"Mama, ile foto ni nani aliipiga?"

"Ni mi," alisema Mukandori, kama mtu aliyeulizwa nani alipika maharage. Mchungaji mgeni alimpa mashine, akamwonyesha pa kuchungulia na pa kufinya. Hakuwahi kushika nyingine kabla wala baada.

"Na juu ya nini ulimuweka pembeni hivi?"

"Mi sikumuweka. Njo pale alikuwa anasimamaka." Mukandori akanywa chai. "Muntu hasimame mbele ya ng'ombe yake. Akisimama mbele, wageni bataona nini? Nilingoja tu Bihogo ainue kichwa. Akainua, Éliezer akamuita jina. Nikafinya."

Kumbe ndiyo ile midomo iliyofunguka nusu. Munira alikuwa ameitazama mpaka macho yanamwuma, na hakujua kwamba alikuwa anaona jina likitoka mdomoni. Akahisi anataka kulia, lakini kazi ilikuwa bado, akajikaza.

Alimwonyesha yote. Alimwonyesha mlima na fimbo na kijia, na Mukandori akaitikia kwa kichwa, maana huo mlima anaujua na hicho kijia amekipita. Alipomwonyesha kivuli cha pembe kwenye mabuti, Mukandori aliweka kikombe chini. Akainama mpaka pua ikakaribia skrini, akakaa hivyo muda, kidole chake kikifuata mstari mmoja mpaka nchani, kisha wa pili.

"Iko hapa," alisema. "Ndiye yeye. Hii ya kushoto ilikuwa inakosa kidogo kwa mwisho."

Sasa Munira akaeleza anachofikiri. Ng'ombe hawezi kumrudisha, wala hatamwekea wa kopo. Lakini nafasi yake anaweza kuirudisha. Akamwomba Mukandori amwonyeshe Bihogo alikuwa na ukubwa gani, na yule mama akasimama mbele ya kompyuta, akanyoosha mkono wake mrefu: hapa kichwa, hapa nundu, hapa mgongo, hapa mkia. Munira akapima kwa jicho, akafungua karatasi mpaka pale mkia ulipoishia, halafu akaongeza kidogo, ng'ombe apate pa kutembea.

Palikuwa patupu. Jicho la fundi halipendi utupu, na mkono wa Munira ukaanza kazi kabla hajaamua. Alichota majani yaliyokuwa miguuni mwa mzee, akayasambaza kulia. Akauvuta mlima, akalivuta anga. Ukawa uwanda mzuri wa kijani, umenyooka, safi, na Munira akageuka kumtazama mama.

Uso wa Mukandori ulikuwa umefunga.

"Ondoa," alisema. "Hivi ni kama ile siku tuliamuka, zizi iko wazi."

Munira alifuta haraka, karibu avunje kitufe. Majani yakaondoka, mlima ukakatika, anga likatoweka, ukabaki weupe mtupu kutoka pale mkasi ulipopita mpaka mwisho wa karatasi. Alikuwa akitafuta la kusema, kwamba subiri mama, nitajaribu lingine, alipohisi mkono begani.

"Acha," alisema Mukandori. "Acha hivyo hivyo. Kwetu asubuhi iko hivi. Ukungu inafunika yote. Ng'ombe unaisikia kwanza, kisha njo unaiona."

Wakatazama wote wawili. Nje soko lilikuwa limechangamka, mtu anauza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa kelele, pikipiki inakataa kuwaka. Ndani, mzee mmoja alisimama ukingoni mwa ukungu, jina liko mdomoni, na Munira, Mungu ni shahidi, aliona nywele za mikononi zinamsimama. Akaichapa hivyo.

Jumamosi viti vilipangwa katika uwanja wa kanisa, upande huu wa Mukandori, upande ule wa wakwe. Munira alikaa nyuma na kamera yake, kwa kuwa Mukandori alimwambia aje, asimtume mtu mwingine. Uledi naye alikuwapo, amekodiwa kubeba kreti za fanta, na alipoipita picha mara ya kwanza alimnong'oneza mkewe kwamba watu hawa watadhani mashine iliishiwa wino. Munira hakucheka. Kiti cha baba kilikuwa mbele, peke yake, picha imeegemezwa juu yake, na katika jua la mchana weupe ule ulionekana mkubwa kuliko ulivyokuwa studio. Akayaona makosa yote ambayo watu wangeyaona. Mtu kasukumwa pembeni. Hatazami wageni. Zaidi ya nusu ya karatasi haina kitu. Aliona kwamba amemwaibisha mjane siku ya mwanawe, mbele ya ukoo mzima, na safari hii hata mkasi hakuwa nao wa kuusingizia.

Shimwa alikuwa ndani na wenzake, akichungulia kwa ufa wa mlango. Mukandori alikaa wima, hatazami picha, anawatazama wakwe wakiingia.

Wakaingia kwa utaratibu wao, kofia na fimbo. Mbele yao alikuwa msemaji, mzee Rugema, mkubwa wa ukoo wa bwana arusi, mtu mkavu asiye na haraka. Hakuwahi kumjua Éliezer, wala hakuwahi kufika Bibokoboko. Alikuwa akielekea kwenye kiti chake alipoiona picha. Akasimama. Waliokuwa nyuma yake wakasimama vilevile. Mzee akatazama, na Munira, aliyejua sasa jicho linavyokwenda, aliyaona macho yake yakianza usoni, yakashuka kwenye fimbo, yakafika mabutini, yakatulia hapo, kisha yakapanda polepole kwenye weupe. Yakakaa huko. Munira alijikuta anasoma dua kimoyomoyo.

Mzee Rugema akavua kofia.

"Ni ya rangi gani?" aliuliza kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

Mukandori akainuka.

"Ni nyekundu ya kukoza," alisema. "Anaitwa Bihogo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana na anachokiona. Akaupandisha mkono ulioshika fimbo, akaanza. Alisema kwa lugha yao, Munira hakuambulia neno, lakini alisikia sauti inavyopanda na kugeuka, na kila ilipogeuka alisikia lile jina, Bihogo, Bihogo, na wazee wa upande huu wakaanza kujibu, kwanza mmoja, halafu wote, na mlangoni Shimwa akawa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Hawakuwa wakimsifu ng'ombe aliyetoweka. Hata asiyejua lugha angejua. Walikuwa wakimsifu aliyesimama mbele yao, na huyo mtu wa pembeni, mwenye koti la baridi, alikuwa mwenye ng'ombe, baba wa Shimwa. Mukandori alimgeukia Munira, akamtazama mara moja tu, na Munira akalia wazi wazi, kamera inaning'inia shingoni.

Alipopangusa macho akaiinua. Katika kioo kidogo cha kamera aliwaona wazee, kiti, na mbele ya kiti, kuelekea kulia, uwanja mtupu wa vumbi ambao hakuna aliyekuwa ameupangia mkeka wala benchi. Uledi alikuwa anakuja kutoka upande ule na kreti begani, kichwa kimeinama kwa uzito, njia nyeupe mbele yake moja kwa moja hadi kwa wageni. Alifika karibu na picha, akasita. Kisha akaacha njia iliyonyooka, akazunguka kwa mbali, taratibu, akipisha pembe.